Mjadala: Riwaya kuhusu Richard III ipimwe kwa kipimo gani?

Mtoa mada: Richard III alitawala Uingereza miaka 2 tu, 1483 hadi 1485, lakini watunzi hawamchoki. Wengine wanamchora muuaji wa watoto wa kaka yake, Edward V wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 9. Wengine wanamsafisha mpaka anang'aa. Je, mtunzi akipindisha historia, kazi yake ni mbovu?

Mzee wa Tarehe: Mbovu. Panga matukio yake kwa tarehe, kisha uliza nani alikuwa hai. Shakespeare (huyu huyu aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere) anamleta Malkia Margaret, mjane wa mfalme wa zamani Henry VI, ikulu mwaka 1483 aje kulaani watu, na mama wa watu alishafia Ufaransa 1482. Katika tamthilia nyingine Richard anaua mtu kwenye vita vya St Albans, 1455. Alikuwa na miaka 2! Upanga wa mti wenyewe asingeuinua.

Bi Kalamu: Mkuu, huko ni kusahihisha mtihani. Margaret yule amebeba damu yote iliyomwagika kabla, ndiyo maana kaletwa. Mimi natazama mtunzi anafanya nini pale ushahidi unapokatika. Watoto wale walionekana wakicheza bustanini ndani ya Mnara wa London, ngome ya wafalme, wakawa wanaonekana kwa nadra, halafu kimya. Pengo hilo ni la mtunzi, alijaze atakavyo. Asichoruhusiwa ni kuruka kinachojulikana. Ukishika riwaya ya kumtetea Richard, fungua kwanza tarehe 13 Juni 1483: Lord Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu mfalme, kaka yake Richard, aliingia kikaoni Mnarani, akakamatwa humo humo kwa amri ya Richard, akakatwa kichwa bila kesi. Siku hiyo ikipita kama umbea uliosikika jikoni, mtunzi anaficha kitu.

Mzee wa Tarehe: Hapo dada sina ubishi. Ila wanaomchafua nao wabanwe. Mifupa yake ilichimbuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo umepinda kuelekea ubavuni, basi. Mkono uliokauka wanaompa watunzi hakuna. Anayeandika leo bado kibiongo mwenye mkono mfu ni mvivu, asijifiche nyuma ya ubunifu.

Msomaji Sugu: Kwangu kinachoua riwaya hizi ni wahusika wanaojua kesho. Mwaka 1483 Henry Tudor, atakayekuja kumpokonya Richard taji, alikuwa mkimbizi Brittany (Ufaransa ya leo), lakini kuna Richard wa vitabuni anayemwota usiku kama vile ameshaiona Bosworth ya 1485, vita alimouawa. Tena hesabu mara ngapi mtu anamweleza ndugu yake jambo wanalolijua wote: "Kama ujuavyo, kaka yetu mfalme alifariki Aprili 9..." Zikifika tatu katika sura moja, mimi nafunga.

Bi Kalamu: Na mwishoni aseme wazi muuaji aliyemchagua ni wa kubuni.

Mzee wa Tarehe: Mwishoni msomaji ameshaamini. Aseme mwanzoni.

Bi Kalamu: Amtaje muuaji ukurasa wa kwanza? Nani atasoma tena, mzee?