Naomba ushauri: Krismasi naenda Moshi, nakulaje bila kunenepa tena?

Habarini wapendwa, mwezi wa 12 ndo huo unakaribia na sisi Wachaga kama kawaida tunapanda nyumbani. Mwaka huu nimepungua vizuri kwa kupunguza wanga na kutembea jioni, nguo za zamani zinaingia, sasa sitaki kabisa kurudi nilikotoka. Shida kule Kibosho asubuhi ni mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na chapati, mchana machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) au pilau, jioni mbuzi anachomwa huku mbege inazunguka, na mbege mnaijua ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, ukinywa kata moja tu ni chakula tosha. Kisusio (supu ya damu ya mbuzi) na mboga sina shida navyo, ila ndizi jamani, kila sahani ndizi! Halafu mama mkwe anapakua mwenyewe, anajaza, ukibakisha anaona umedharau chakula chake, na mimi nampenda sana sitaki anune sikukuu. Kutembea asubuhi kwenye vile vilima naweza bila tatizo. Mliofanikiwa kupita likizo kama hii bila kuongezeka, mlikuwa mnakula nini, mbege mliikwepaje, na mama mkwe mlimwambia lini, kabla hamjafika au mezani?