Watoto wako ndani ya fleti siku nzima, nawachezesha nini bila kugombana na majirani?

MamaWawili_Pipeline
Hamjambo wadau, naomba mawazo yenu. Niko Pipeline hapa Nairobi, gorofa ya nne, nina msichana wa miaka 10 na kijana wa 7, na tangu shule zifungwe na hii mvua hawa watoto wanaamka kwa tivii, wanakula kwa tivii, wakichoka na tivii wanahamia kwa simu. Huko chini hakuna uwanja, ni bodaboda na matope, kwa korido keretaka amekataza mpira, na mama wa gorofa ya tatu akisikia mguu ukigonga anapiga dari na ufagio, na simlaumu kabisa, ana mtoto mchanga. Kinachoniuma ni huyu mdogo, juzi tukitoka soko alisimama kwa ngazi gorofa ya pili anahema, miaka saba jameni! Nikiwaambia wafanye mazoezi wanafanya dakika mbili wanarudi kwa kochi. Nataka kitu wataniomba wenyewe turudie. Nafasi niko nayo ni ya sebule tu, nikisukuma meza kwa ukuta.

BintiUmoja
Blada! Sisi tulikulia Umoja tukiruka blada mpaka tuitwe chakula. Enda kwa fundi wa baiskeli umuombe tyubu imeharibika, ikate kwa urefu vipande vyembamba ufunge ncha, kama ni mmoja anaruka unavalisha viti viwili, lakini tamu ni wewe na mwingine mkishika kwa miguu, inaanza kwa vifundo, inapanda magoti, kiuno, hadi kwapa. Hao watashinda hapo. Na kati pia, ule mchezo wa kukwepa mpira ukiwa katikati, inaingia kwa sebule, mpira utengeneze na soksi kuukuu umejaza matambara, siku zetu ilikuwa majuala ya plastiki lakini hizo zilipigwa marufuku 2017. Mpira wa soksi hauvunji kitu na hausikiki chini.

MwalimuWaMichezo
Mama hongera kwa kuliona mapema. Mimi hufundisha michezo shule ya msingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kusonga mpaka pumzi iende mbio, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kitu cha kutia misuli na mifupa nguvu, kuruka, kupanda, kubeba. Usishtuke na hizo 60, si lazima zifuatane, robo saa asubuhi, robo saa kabla ya chakula, unafika tu.

Kwa sababu ya jirani, mchana akiwa macho ruka blada, jioni cheza vitu visivyo na kishindo na vinachosha hata zaidi. Mkokoteni, mmoja anashikwa miguu anatembea na mikono kutoka mlango wa jikoni mpaka kwa dirisha. Kutembea kama kaa wa baharini, mikono na miguu chini, tumbo linaangalia juu, na mnashindana kubeba soksi moja moja juu ya tumbo kupeleka kwa beseni. Kuegemea ukuta umekunja magoti kama uko kwa kiti na hakuna kiti. Mziki ukizimwa wote mnaganda, anayetingisha kidole anaosha vikombe. Na wewe ingia mama!! Mzazi akikaa kwa kochi akihesabu, hiyo kwao ni kazi ya shule imerudi.

BabaKayole
Wangu akikosa kumaliza homuweki anaruka kichura mara hamsini, mazoezi na adabu pamoja, hiyo pia jaribu.

MwalimuWaMichezo
@BabaKayole hapana ndugu yangu, hiyo tafadhali iache. Mtoto anayechurishwa kama adhabu anakuja kwa uwanja wangu akiwa tayari anachukia kuruka, nawaona kila muhula, na kumrudisha ni kazi ndefu. Adhabu tafuta nyingine.

Nesi_Donholm
Mama kabla ya yote huyo wa miaka saba apelekwe kliniki wamsikilize kifua na wamwangalie damu. Inaweza kuwa ni kukaa tu, lakini pumu pia huanza hivyo, hasa akikohoa usiku ama msimu huu wa baridi na mvua. Hata kama ni pumu bado atacheza, tena anafaa kucheza, ila mtajua mnaanza wapi na kama anahitaji pampu.

KijanaWaNgazi
Mbio za ngazi je? Gorofa nne ni mlima wa bure huo.

BintiUmoja
@KijanaWaNgazi ngazi za fleti za huku ni giza na maji yamemwagika, mbio hapana. Kupanda na mtungi wa lita 5 wa maji polepole wakiwa na mama, hiyo sawa, na inahesabika.

MamaWawili_Pipeline
Asanteni sana, nimesoma kila kitu. Nimeongea na mama wa chini, amesema saa nne hadi saa sita asubuhi turuke tu, mtoto wake huwa macho. Kliniki tunaenda Jumatatu, kweli usiku huwa anakohoa. Sasa shida ni moja, kwa mkokoteni huyu mkubwa anashinda kila wakati na mdogo analia anakataa kuendelea. Nampendelea ama nafanyaje?

MwalimuWaMichezo
Usimpendelee, atajua. Kila mmoja ashindane na rekodi yake, bandika karatasi kwa ukuta na majina mawili. Waonyeshe Faith Kipyegon, mkimbiaji wetu wa Kenya, mita 1500 alikimbia 3:49.11 kule Florence 2023, mwaka uliofuata Paris akashusha ikawa 3:49.04, Julai 2025 kule Eugene akafika 3:48.68. Kati ya hizo mbili za kwanza alipunguza sehemu saba tu za mia za sekunde, na bado ilikuwa rekodi mpya ya dunia! Halafu wote watatu wekeni saa ya simu dakika 3 na sekunde 48, mnapokezana kaa na mkokoteni bila kusimama mpaka ilie, hapo mnashinda pamoja. Mdogo apewe zamu fupi kwanza mpaka daktari amwone, akihema hawezi kumaliza sentensi apumzike.

MamaWawili_Pipeline
Hii ya Faith huyu msichana ameshaianza na sijamaliza kusoma. Tyubu nazo, ya bodaboda inafaa ama lazima ya baiskeli?

BintiUmoja
Ya pikipiki ni nene, ikimrudia kwa mguu inauma. Chukua ya baiskeli, na ioshe na sabuni kwanza, ule unga mweusi unashika kwa soksi.