Gari kuvuta kushoto na matairi kuliwa ndani: nani anapima mwenyewe nyumbani?

Kutoka Sakina, Arusha

Ndugu zangu, habari za Jumapili. Ni mimi dada wa Bujumbura niliyehamia huku mwaka jana. RAV4 niliyonunua kwa mtu inavuta kushoto, na matairi ya mbele yameliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinakaribia kuonekana, ilhali upande wa nje kashata (michirizo ya tairi) bado nzima. Nimelipia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) mara mbili ndani ya miezi mitano. Kuna anayeweza kunielekeza nipime mwenyewe kabla sijanunua matairi mengine?

Jibu, kutoka Moshi

Pole sana dada. Matairi yasubiri kwanza.

Kuvuta na kuliwa mara nyingi ni shida mbili tofauti. Kwenu mnaendesha kulia. Hapa tunaendesha kushoto, na lami imeinamishwa kushoto ili maji yatoke. Gari zima kabisa litateremkia kushoto polepole ukilegeza usukani. Likivuta kwa nguvu, pima upepo matairi yakiwa baridi, kisha hamisha tairi la mbele la kulia liende kushoto na la kushoto lije kulia, mradi hayana mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia kulia, tatizo ni tairi. Usipohama, sogeza kiganja karibu na rimu baada ya safari: iliyo ya moto kuliko mwenzake huenda breki yake inakamata.

Sasa huko kuliwa ndani. Mimi ni mtu wa Kisumu, nina miaka 11 hapa Moshi, na jambo hili liliniuma. Nililipa alaimenti mara tatu kwenye gereji moja na hakuna hata fundi mmoja aliyetikisa gurudumu. Tairodi endi (kiungo cha mwisho cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa) ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila shimo lilikuwa linaharibu kipimo walichoweka asubuhi. Nakuomba uanzie hapo. Inua upande mmoja kwa jeki, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Likigonga, shuku tairodi endi. Shika juu na chini: likicheza, ni bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) au beringi. Badilisha kilichokufa kwanza, ndipo upime. Na tafadhali usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kupima kunataka sakafu tambarare, na huku kwenye miteremko ni kazi kuipata. Mimi nililinganisha uwanja wangu wa sementi kwa mpira wa maji wa waashi. Nyoosha usukani, sukuma gari mbele mita tatu hivi lisimame lenyewe bila breki. Weka alama ya chaki katikati ya kashata ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha ekseli. Wewe na mwenzako vuteni futi toka alama hadi alama, mwandike. Sukumeni gari mbele tena mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa kimo kilekile, mpime upya. Kwa kuwa alama ni zilezile, rimu iliyopinda kidogo haikudanganyi. Chesisi ikizuia futi, shusheni kimo, ila kiwe sawa mbele na nyuma.

Mbele pakiwa papana kuliko nyuma, matairi yametazama nje, na huliwa ndani kama yako. Vipimo vya modeli yako ndivyo vya kufuata, lakini magari mengi madogo hutaka tofauti ya milimita chache tu, karibu na sifuri.

Kurekebisha: legeza nati ya kufungia kwenye tairodi, achia klipu ya buti la mpira (kifuniko cha tairodi) lisijisokote, zungusha tairodi robo mzunguko tu, kulia na kushoto kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande. Tairodi zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha kunaleta matairi ndani kwa mbele. Zikiwa mbele ya ekseli ni kinyume. Kaza nati, sukuma gari nyuma na mbele, pima tena. Usiamini kipimo cha kwanza.

Kutoka Tengeru

Shikamoo kaka. Naongezea: tairi lililolala, juu likiingia ndani, nalo huliwa ndani. Ning'iniza timazi (uzi wenye uzito chini) kando ya gurudumu, upande wa nje, pima toka uzi hadi ukingo wa rimu juu na chini. Linganisha kulia na kushoto. Zikipishana sana, hiyo si ya futi tena, mpelekee fundi aangalie shokapu na bushi.

Kutoka Sakina

Marahaba kwa wote, na asanteni mno. Kushoto iligonga! Tairodi endi. Fundi amebadilisha, tukapima na mdogo wangu: mbele imezidi milimita 7. Baada ya kuzungusha mara tatu imebaki 1 na usukani umenyooka. Timazi zinalingana. Jumamosi naenda Usa River na kurudi, kisha nitapima tena kabla ya kununua matairi.