Mjadala: Ohio, mpangaji akileta deni lote, bado atolewe?

Wadau, hoja ninayoisikia sana kwa wenzetu wa hapa jimbo la Ohio, Marekani, ni hii: nyumba ni mali ya mwenyewe, usipolipa kodi ana haki ya kukutoa. Haki anayo, ila si kwa mkono wake.

Sheria ya jimbo, kifungu 5321.15, inamkataza kubadilisha vitasa, kukata maji au umeme, au kushikilia vyombo vyako kufidia kodi. Anaanza na notisi ya maandishi ya siku 3. Zikipita, anafungua kesi, na watu hutolewa na maofisa wa mahakama baada ya hukumu. Kwa hiyo ile karatasi uliyoikuta mlangoni si amri ya kuhama. Wengi wetu huisoma kama amri, wakafunga mizigo usiku huohuo. Subiri wito, nenda mahakamani, omba mkalimani wa Kiswahili, humlipi wewe. Usipofika, hukumu inaweza kutolewa bila wewe.

Ninachokipinga ni hiki. Unadaiwa mwezi mmoja, mshahara unaingia Ijumaa, unapeleka pesa yote. Sheria ya jimbo inamwacha mwenye nyumba aikatae na aendelee na kesi. Dayton na Toledo wametunga sheria zao za mji: mpangaji akileta malimbikizo yote na faini halali ya kuchelewa kabla ya hukumu, huo ni utetezi. Kwa nini ulinzi huo uishie kwenye mipaka ya mji?

Mtasema mwenye nyumba naye ana mkopo wa benki. Kweli, na wengine wana nyumba moja tu ya kupangisha. Ndiyo maana nasema alipwe yote, hata gharama za kesi. Akishalipwa, amepungukiwa nini? Mpangaji yeye hubaki na kesi kwenye kumbukumbu za mahakama, na mwenye nyumba wa pili akiikuta humnyima chumba hata kama kesi ilifutwa.

Siwatetei wanaogoma kulipa kwa sababu hita imekufa huku pesa wameikalia. Kifungu 5321.07 kina njia yake: mwandikie mwenye nyumba, mpe muda wa kutengeneza usiozidi siku 30, kisha kodi yako ipeleke kwa karani wa mahakama.

Mnaopangisha humu, nijibuni: mtu amekuletea deni lote kabla ya hukumu, unamkatalia kwa sababu gani?