Milango ya buti la trela imeoza ndani ya miezi 10, na yadi inasema kosa ni langu

Waungwana,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuipoza kwa wiki mbili bila mafanikio, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa urefu wake. Aprili 2023 mimi na mke wangu tulinunua trela mpya ya kulala, ile ya kukokotwa nyuma ya pikapu, yenye kitanda, jiko na choo chake, kwa dola 27,400 kabla ya kodi. Mke wangu ni muuguzi wa mikataba. Hupangiwa wiki 13 hospitali hii na wiki 13 hospitali ile, na tulipiga hesabu tukaona kwamba baada ya miaka minne trela ingekuwa imerudisha fedha yake kwa pango la nyumba tulizoacha kupanga. Hatukununua anasa. Tulinunua mahali pa kulala.

Kwa wasioijua vizuri, mbele ya trela, chini ya kitanda, kuna buti linalopita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, lenye mlango kila upande. Humo hukaa waya mkubwa wa umeme, mpira wa maji, viti vya kukunja, na kwa upande wetu jiko la mkaa na sanduku la mashuka. Milango hiyo miwili ndiyo mada yangu. Sizungumzii paa wala madirisha, ambayo hadi leo hayajavuja hata tone, na ninasema hivyo mapema kwa sababu kila niliyemweleza habari hii ameanza kunifundisha mambo ya paa kabla sijamaliza sentensi ya pili.

Tunaishi nje kidogo ya Grand Rapids, Michigan, na wakati wa baridi trela hukaa uani. Mwishoni mwa Januari 2024 nilikwenda kutoa waya wa umeme, nikafungua mlango wa kulia, nikapigwa na harufu ya ukungu. Mfuko wa unga wa sembe tuliousahau tangu Oktoba ulikuwa umeganda upande mmoja kama saruji. Mashuka ya chini kabisa kwenye sanduku yalikuwa na madoa meusi. Sikuona maji yamesimama popote, sakafu ya buti ilikuwa kavu katikati na yenye unyevu ukingoni tu, basi nikaanza kupapasa. Nilipobonyeza upande wa ndani wa mlango, kwenye kona ya chini karibu na kitasa, kidole gumba kilizama kama katika mkate uliolowekwa kwenye chai. Nilikitoa, na shimo la kidole likabaki pale pale.

Nilipiga picha siku hiyo hiyo. Tarehe 2 Februari nilituma barua pepe kwenye yadi iliyotuuzia, nikaambatanisha picha tisa, nikaeleza kwamba waranti ya mwaka mmoja bado inaendelea na kwamba ningependa milango yote miwili ikaguliwe. Walijibu kwa adabu. Walisema mafundi wao wana kazi nyingi kabla ya msimu wa kiangazi, na nafasi ya kwanza iliyopo ni tarehe 28 Mei. Niliuliza kama kuchelewa huko kutaathiri waranti, kwa kuwa inaisha Aprili. Aliyepokea simu akaniambia nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu moja katika kisa hiki chote: sikumwomba aandike.

Tarehe 28 Mei niliikokota trela hadi yadi. Kijana wa dirisha la huduma alitoka na kifaa cha kupima unyevu, akakigusisha mlangoni mara mbili, akarudi ndani, na baada ya dakika ishirini akaniletea karatasi yenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba waranti imekwisha, na kinachohesabiwa ni siku trela ilipofika karakana, si siku nilipotoa taarifa. La pili, ambalo ndilo lililonitoa usingizi, ni kwamba hata kama isingekwisha, uharibifu umetokana na mmiliki kutotunza viungio, kwa kuwa kitabu cha maelekezo kinamtaka akague silikoni na raba zote kila baada ya siku 90, na kwamba trela “imeachwa kwenye mvua”. Nilimwuliza trela nyingine huachwa wapi. Uwanja wao una mamia ya trela, na zote, mvua inyeshe au theluji ianguke, ziko nje.

Nilirudi nyumbani na trela yangu, na kwa kuwa sasa hapakuwa na waranti ya kuvunja, niliamua kuifungua milango ile nione kilichomo. Nilisaidiwa na jirani yangu, mzee kutoka Bukavu ambaye kwao alikuwa seremala kwa miaka mingi. Tulitoa skrubu 14 za mlango wa kulia na tukaulaza kwenye meza ya gereji. Milango hii ni pacha, imetoka katika kipimo kimoja, lakini kwenye mizani ya bafuni wa kushoto ulikuwa na kilo 4.3 na wa kulia, ambao ndio unaotazama magharibi mvua inakotokea, ulikuwa na kilo 7.1. Tuliusimamisha juu ya sufuria usiku mmoja, na asubuhi nikapima maji yaliyochuruzika: vikombe viwili vya chai na robo. Hii ilikuwa mwanzoni mwa Juni, mvua ikiwa haijanyesha kwa siku sita.

Sasa niwaeleze mlango umetengenezwaje, kwa sababu hapa ndipo ilipo hoja yangu. Nje kuna ganda jembamba la faibaglasi. Katikati kuna povu gumu jeupe, lile lile linalofungiwa televisheni kwenye maboksi. Ndani, upande unaotazama mizigo, kuna plaiwudi ya milimita 3 iliyobandikwa karatasi nyeupe yenye kung'aa ili ionekane kama plastiki. Matabaka hayo matatu yamegundishwa pamoja, yakakatwa kwa msumeno, kisha yakazungushiwa fremu ya alumini iliyokunjwa pembe nne kutoka utepe mmoja. Utepe ukizunguka lazima ncha zake zikutane mahali fulani, na kwenye mlango wangu zimekutana juu, chini ya bawaba, mahali ambapo kila tone linaloshuka ubavuni mwa trela litapita. Mwanya kati ya ncha hizo unaingiza kadi ya benki. Haukuzibwa kwa silikoni wala kwa kitu kingine chochote.

Maji yakishaingia hapo hayana pa kutokea. Fremu ya chini ni kama mfereji uliozibwa pande zote; haina hata tundu moja la kutolea maji. Ukingo wa plaiwudi, ambao umekatwa na kuachwa mtupu bila rangi wala vanishi, umekaa ndani ya mfereji huo na kunywa polepole. Tundu la kitasa nalo limetobolewa kupita matabaka yote matatu na kuachwa wazi, ukitazama ndani unaona povu na mbao kama unavyoona nyama ya muwa uliokatwa. (Na tukiwa kwenye kitasa: ufunguo wake una chapa ya CH751, na mwenye kumiliki trela Marekani anajua kwamba ufunguo huo hufungua mabuti ya trela nyingi zilizoegeshwa kambini. Hilo ni malalamiko ya siku nyingine.)

Mzee wa Bukavu aliibandua plaiwudi kwa vidole vyake, bila patasi, akaifinyanga kiganjani na kunionyesha tope la kahawia. “Hii haiko mbao,” alisema, “iko karatasi.” Sikuwa na la kumjibu.

Uharibifu wenyewe huenda kwa mzunguko. Plaiwudi ikilowa inavimba, mlango unapinda kwa milimita chache, raba haibanwi tena sawasawa upande wa chini, na maji ambayo mwanzo yaliingia mlangoni tu sasa yanaingia hadi ndani ya buti. Kisha majira ya baridi hukamilisha kazi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hapa kwetu theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku kwa wiki nyingi mfululizo, kwa hiyo kila usiku yale maji yaliyokwama kwenye mfereji yaliisukuma gundi kati ya faibaglasi na povu, na kila mchana yakasogea mbele kidogo. Ndiyo maana uso wa nje wa mlango sasa una uvimbe wa ukubwa wa chapati. Na kule kupinda kwa mlango, hata kabla ya baridi kuanza, ndiko kulikofanya kitasa kishindwe kushika Septemba 2023 tukitoka Ludington, mlango ukafunguka barabarani na kiti kimoja kikaanguka; wakati ule nilidhani ni uzembe wangu wa kutofunga vizuri, hata nikamwomba mke wangu radhi.

Kwa hiyo ninapoambiwa nilipaswa kukagua viungio kila baada ya siku 90, ninauliza: viungio vipi? Vile vinavyoonekana nilivikagua, na nina daftari lenye tarehe. Juni, Septemba na Desemba 2023 nilizunguka trela nzima na bomba la silikoni mkononi. Kiungio kilichoingiza maji kimefunikwa na bawaba, na ukingo mtupu wa plaiwudi umefichwa ndani ya fremu. Ili kuviona lazima utoe skrubu 14 na kuubomoa mlango, jambo ambalo ukurasa wa nne wa waranti hiyo hiyo unasema linaifuta waranti. Yaani natakiwa nikague mahali ambapo nimekatazwa kufungua.

Kinachoniuma zaidi ni bei ya kuzuia haya yote. Nilipotengeneza mlango wa kushoto, ambao ulikuwa umelowa kidogo tu, nilitumia utepe wa butili, ile raba laini yenye kunata ya kuzibia maji, wa chini ya dola 15 na bado umebaki zaidi ya nusu. Niliukausha kwa feni siku nne, nikapaka ukingo wa plaiwudi rangi ya mafuta mikono miwili, nikaweka butili chini ya bawaba na kuzunguka tundu la kitasa, nikaigeuza fremu ili kiungio kikae chini badala ya juu, kisha nikatoboa matundu mawili ya milimita 5 kwenye fremu ya chini. Kazi yote, ukiacha kukausha, ilichukua saa tatu, nami si fundi, mimi ni dereva wa lori. Kiwandani ingechukua dakika chache na senti chache. Sehemu kubwa ya trela za nchi hii hutengenezwa Elkhart, Indiana, na maeneo ya jirani, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwangu, mahali ambapo theluji huanguka kama huku. Huwezi kuniambia mtu anayetengeneza mlango katika hali ya hewa ile hajui maji yatapita wapi.

Kuhusu sheria, nimeulizia. Sheria ya jimbo letu inayowalinda wanunuzi wa magari mapya mabovu haiwafikii wenye trela, jambo ambalo niliambiwa na mtu wa yadi mwenyewe, tena kwa tabasamu. Lakini ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, inayoitwa Magnuson-Moss, ambayo inasema mtengenezaji akishatoa waranti ya maandishi hawezi kuikana kabisa ile dhamana ya msingi kwamba kitu alichouza kinafaa kwa kazi yake. Mlango wa nje wa trela ambao hauwezi kunyeshewa mvua haufai kwa kazi yake. Nimeandika hivyo katika barua niliyoituma kwa mtengenezaji tarehe 10 Juni kwa posta ya kusainiwa, nikaambatanisha barua pepe yangu ya Februari, daftari la ukaguzi na picha za mwanya wa fremu zikiwa na rula pembeni.

Jibu limekuja jana. Hawakubali kosa, lakini “kwa nia njema” wananipa milango mipya kwa nusu bei, dola 190 kila mmoja, kazi ya kufunga juu yangu. Nilipiga simu kuuliza kama milango hiyo mipya ina plaiwudi ile ile. Ina plaiwudi ile ile. Niliuliza kiungio cha fremu kiko juu au chini, na yule mama wa simu akasema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Mimi sitalipa dola 190 kununua kuoza upya. Barua ya pili inakwenda Jumatatu, na safari hii nakala inakwenda kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji.

Ninawaomba mambo mawili. Wale mlionunua trela mpya na bado mko ndani ya waranti, tokeni leo mkabonyeze upande wa ndani wa milango yenu kwa kidole gumba, hasa kona za chini na kuzunguka kitasa, na mkiona dalili yoyote andikeni kwa barua pepe, msipige simu. Na kama kuna mwenye kumjua fundi, Michigan, Indiana au Ohio, anayekata milango ya namna hii kutoka ubao wa plastiki badala ya plaiwudi, anipe njia ya kumpata kwa ujumbe wa faragha. Vipimo ni upana sentimita 102, kimo sentimita 36, unene milimita 38, pembe za mraba, bawaba juu, kitasa kimoja. Kwa sasa upande wa kulia nimeuziba kwa turubai na utepe wa gundi, na mke wangu anaanza mkataba mwingine tarehe 8 Julai.