Dodoma: kodi ya miezi sita kwa mkupuo mpaka lini? Sisi wa kipato cha kila siku tunafukuzwa mjini

Wakuu, hili la kodi za nyumba Dodoma limenifika shingoni.

Mwenye nyumba wangu huku Ipagala kanitumia meseji: chumba na sebule ninacholipia 80,000 kuanzia mwezi ujao ni 150,000, miezi sita, mkupuo mmoja. Nikishindwa nihame, "kuna watu wa wizarani wanakitaka". Hajaongeza hata tofali! Bomba linavuja vilevile, LUKU tunachangia wapangaji wanne. Laki tisa kwa siku moja nazitoa wapi? Mimi fundi rangi, nalipwa kwa kazi ya siku hiyo. Nyumba ngapi za Ilazo na Kisasa tumezipaka sisi?

Sina ugomvi na waliohamia, wao wameletwa na kazi. Ugomvi wangu ni na waliopanga. Serikali ilitangaza kuhamia hapa 2016, mwaka 2018 tukawa Jiji, tukashangilia. Sensa ya 2012 ilikuta watu laki nne na kidogo, ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Hao wote walitarajiwa kulala wapi? Mtumba wizara zimejengwa, treni ya umeme inafika tangu 2024. Vyumba vya kupanga vya mama lishe wa Sabasaba viko wapi? Nyumba za Iyumbu na Njedengwa zinamfaa mwenye slipu ya mshahara ya kupeleka benki.

Na mwenye ardhi alikumbukwa vizuri tu. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyosimamia ardhi ya mji, ilipovunjwa 2017, hati za miaka 33 zikaruhusiwa kuwa za miaka 99. Sawa, haki yake. Mpangaji alipata nini? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya 1984, ilifutwa 2005, na tangu hapo mwenye nyumba anaamka na bei yake.

Halafu madalali. Unatoa hela ya kuzungushwa, ukipata chumba unampa kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Swali la kwanza: "Wewe mtumishi?" Ukisema fundi, ghafla chumba kimeshapata mtu. Ndani ya mji tuliozaliwa!

Jirani zangu, wazee wa Kigogo waliopanga hapa miaka mingi, wamesogea Nala huko. Nauli inakula nusu ya wanachopata sokoni, na wajukuu wamehamishwa shule katikati ya muhula. Hilo ndilo linaniuma kuliko hata laki tisa yangu.

Msiniambie soko ndilo linaamua. Ni duka gani linakulazimisha kununua unga wa miezi sita ndipo upate kilo moja?

Ninachotaka kinawezekana. Kodi ya mbele isizidi miezi mitatu, kwa sheria. Asiyefanya ukarabati asipandishe bei kabla mkataba haujaisha. Na Jiji linalopima viwanja kila kukicha litenge eneo la vyumba vya kupangisha kwa mwezi, karibu na barabara ya daladala, siyo porini.

Mliopandishiwa mwaka huu, wekeni hapa mtaa, bei ya zamani na bei mpya. Majina msiweke. Nazichapa zote napeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa diwani, na nitasubiri jibu la maandishi.