Sheria ya rangi yenye risasi imfuate mtoto au iifuate nyumba?

Mwenye hoja: Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi (metali yenye sumu, si ile ya bunduki) mwaka 1978, lakini nyumba zilizopakwa kabla ya hapo bado zina watu. Jimbo la Massachusetts humlazimisha mwenye nyumba kuondoa au kuziba hatari hiyo pale anapoishi mtoto wa chini ya miaka 6. Jimbo la Maryland haliulizi habari za mtoto: nyumba ya kupanga iliyojengwa kabla ya 1978 husajiliwa kila mwaka na hukaguliwa kabla ya mpangaji mpya kuingia. Ipi inalinda zaidi?

Fundi Rangi: Maryland, na sababu ni dirisha. Dirisha la kupandisha na kushusha husaga rangi kila likiguswa. Vumbi hutua kizingitini na sakafuni, mtoto anayetambaa akalilamba mkononi. Tena nyumba tupu hufanyiwa kazi vizuri. Ukikwangua kwa msasa mkavu au ukachoma rangi kwa moto, unaiacha mbaya kuliko ulivyoikuta. Tandika nailoni nzito, ziba matundu ya hewa, loanisha rangi ndipo ukwangue. Fyonza kwa mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi laini mno, futa kwa maji ya sabuni, fyonza tena. Mwisho mkaguzi hufuta futi moja ya mraba ya sakafu kwa kitambaa chenye unyevu, kikapimwe maabara. Kwa macho huwezi kujua.

Mzee wa Vifungu: Taratibu. Maryland inawabana wenye nyumba za kupangisha tu. Anayelea mwanawe katika nyumba yake mwenyewe haguswi. Massachusetts inamgusa, na ina sheria hii tangu 1971. Maryland ilianza 1996 na nyumba za kabla ya 1950. Nyumba za 1950 hadi 1978 zilingoja hadi 2015!

Fundi Rangi: Sawa, ila huko Massachusetts mwenye nyumba akimwona mama na mtoto mgongoni, ghafla chumba "kimeshachukuliwa". Ni kosa kisheria. Haya, lithibitishe.

Nesi: Mnasahau damu. Maryland hupima watoto wakiwa na miezi 12 na 24. Tone la kidole hudanganya kama mkono haukuoshwa kwa sabuni, kwa hiyo kipimo kikisoma maikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu au zaidi, rudia kwa damu ya mshipa. Dawa ya kutoa risasi mwilini kwa kawaida huanza kufikiriwa kwenye 45. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo.

Mzee wa Vifungu: Yaani mtoto ndiye anayetumika kupimia nyumba.

Nesi: Ndiyo, na ndiyo maana naegemea Maryland. Lakini kipimo cha damu kibaki. Mtoto wa mkimbizi, tuseme kutoka Kongo, hupimwa akifika, na mwenye miaka 6 au pungufu hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6. Cha kwanza kinaeleza alikotoka. Cha pili kinaeleza nyumba aliyopangishiwa Marekani, na wazazi wengi hukikosa kwa kuwa cha kwanza kilikuwa safi.